Bwana Tai na Neema ya Wajapani

Foleni ya Mbagala ilikuwa imeganda, abiria wamebanana, na bwana mmoja mwenye tai akaona huo ndio wakati wa kutoa mhadhara. "Tatizo letu tunazaana mno. Tazameni Wajapani, wanapungua kila mwaka na bado matajiri!" Daladala zima likaitikia. Mlangoni maandishi ya Kijapani yalikuwa bado hayajafutwa, yakaonekana kama ushahidi.

Wasomaji wa siku nyingi wanajua kwamba mwenye safu hii hugombana na makonda tu, tena kwa sababu ya chenji. Safari hii alimgeukia abiria mwenzake: Japani ilitajirika lini?

Bwana akakohoa.

Ilipoipita Ujerumani Magharibi kiuchumi, mwaka 1968, watu wake walikuwa wakiongezeka na wamekwisha kuvuka milioni 100. Utajiri ulikuja wakati mikono ni mingi. Wenye umri wa kufanya kazi walianza kupungua katikati ya miaka ya 1990, na baada ya 2008 ikawa zamu ya taifa zima. China iliipita Japani mwaka 2010, Ujerumani ikafuata 2023. Kushuka kwa yeni nako kulichangia, lakini safu hii haina nafasi ya visingizio.

"Wakipungua si kila mmoja anapata zaidi?" bwana akang'ang'ania, kana kwamba nchi ni sinia la pilau.

Aende Yubari, kule Hokkaido. Enzi za makaa ya mawe mji huo ulikuwa na watu zaidi ya 100,000. Migodi ikafungwa, vijana wakahama, manispaa ikakopa kujenga vivutio vya utalii, na mwaka 2007 ikahesabiwa rasmi kuwa imefilisika. Leo wakazi hawafiki 7,000. Mabomba ya maji hayakuhama na vijana, barabara ni zilezile, anayekosekana ni mlipa kodi. Shule za msingi ziliunganishwa ikabaki moja. Kinachogombewa ni matikiti ya huko: mwaka 2019 mawili yalinadiwa kwa yeni milioni 5.

Bwana alishuka Mtongani bila kuaga, huku nusu ya gari bado iko upande wake. Basi wafuasi wake wawahi kuwekeza Japani: mwaka 2024 kampuni ya Oji ilitangaza kuacha kutengeneza nepi za watoto kwa soko la Japani. Za wazee inaendelea nazo.