Lukafu: Asiyepona naye anahitaji dawa

Huko Lukafu, jimboni Haut-Katanga, mgonjwa akizidiwa jamaa hufikiria Lubumbashi, kwenye hospitali zenye chumba cha wagonjwa mahututi. Kwa malaria kali, ajali au mama anayevuja damu, safari hiyo inaweza kuokoa maisha. Lakini kansa iliyoenea mwilini haiponywi na mashine ya kupumulia. Mgonjwa hufia mbali na watu wake, jamaa hubaki na deni, na mahali pengi nchini maiti huzuiliwa mpaka pesa ilipwe.

Mtu kama huyo anahitaji kutulizwa maumivu, karibu na nyumbani. Jirani yetu Uganda imeonyesha kwamba inawezekana. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha huko shirika la Hospice Africa Uganda, linalotumia mofini ya maji, dawa ambayo mgonjwa anaweza kunywa nyumbani kwake. Mwaka 2004 serikali iliruhusu wauguzi waliofunzwa kazi hiyo waiandike, kwa sababu madaktari walikuwa wachache. Mwaka 2014 nchi wanachama wa OMS, Kongo ikiwemo, zilikubaliana kuingiza huduma hiyo katika mipango yao ya afya.

Vijijini kwetu pia, muuguzi ndiye aliye karibu. Kinshasa inaweza kuanzia kwake: imfunze, impe ruhusa, imfikishie dawa. Naye daktari wa Lubumbashi aambie jamaa ukweli mapema, kabla hawajauza shamba kwa tumaini lisilokuwapo.