Pikapu za Migori na Homa Bay: Akiba ya mafuta iliyofichwa na upepo

WACHUUZI wa samaki wa Mbita na Sori, pamoja na wakulima wa viazi vitamu wa Kabondo, hutegemea pikapu kuunganisha jasho lao na soko. Gari hilo linapokula mafuta kupita kiasi, gharama haiishii kwa mwenye gari. Huhamia kwenye bei ya gunia la omena, kikapu cha nyanya na nauli ya mama anayesindikiza bidhaa zake hadi sokoni.

Uchungu huo ulidhihirika zaidi mwaka 2023. Mwezi Julai mwaka huo, Sheria ya Fedha ilipandisha Ushuru wa Thamani (VAT) wa bidhaa za mafuta kutoka asilimia 8 hadi asilimia 16. Kufikia katikati ya Oktoba, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) ilikuwa imetangaza bei ya Nairobi ya Sh217.36 kwa lita ya petroli na Sh205.47 kwa lita ya dizeli. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2024, dizeli ilikuwa imeshuka hadi Sh168.06 jijini humo.

Mfanyabiashara wa Homa Bay au Migori hana sauti katika kupanda wala kushuka huko. Bomba la mafuta hukomea Kisumu na Eldoret kwa upande wa magharibi, na kutoka hapo shehena husafirishwa kwa malori. Bei hupangwa kila mwezi kwa kuzingatia soko la dunia, thamani ya shilingi, ushuru na gharama ya kufikisha mafuta katika kila mji. Alichonacho dereva mkononi mwake ni jambo moja tu, yaani idadi ya lita anazochoma kwa kila kilomita.

Hapo ndipo suala la upepo linapoingia. Gari linapokwenda, husukuma hewa iliyo mbele yake, na hewa hiyo hurudisha msukumo. Ukinzani huo hauongezeki sambamba na mwendo, bali hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo wenyewe. Dereva anayetoka kilomita 80 kwa saa hadi 100 ameongeza mwendo kwa robo tu, lakini nguvu ya hewa inayompinga imeongezeka kwa zaidi ya nusu. Akitoka 60 hadi 100, nguvu hiyo huwa karibu mara tatu.

Pikapu huumia kuliko gari dogo la abiria kwa sababu ya umbo lake. Ina uso mpana, imeinuka juu ya ardhi, na nyuma ya chumba cha dereva mna shimo la kubebea mizigo ambamo hewa huvurugika. Kwa sababu hiyo, kumezuka mbinu nyingi za kuipunguzia mzigo huo wa hewa, baadhi zikiwa za maana na nyingine zikiwa ni kujidanganya.

Mbinu iliyoenea zaidi ulimwenguni ni ile ya kuteremsha mlango wa nyuma ili hewa ipite moja kwa moja. Kwa macho, jambo hilo linaonekana kuwa la busara. Hata hivyo, majaribio yameonyesha kwamba halileti akiba inayotarajiwa, na kipindi cha televisheni cha Marekani cha MythBusters kililijaribu na kukuta kwamba gari lililofungwa mlango ndilo lililokwenda mbali zaidi.

Sababu yake ni rahisi kueleweka. Mlango ukiwa umefungwa, hewa inayoporomoka kutoka juu ya chumba cha dereva hunaswa ndani ya sehemu ya mizigo na kuzunguka humo kama maji kwenye birika. Hewa inayofuata huteleza juu ya duara hilo kana kwamba limefunikwa kifuniko. Mlango ukifunguliwa, kifuniko hicho cha hewa huvunjika. Licha ya kukosa akiba, dereva hujiweka katika hatari ya kumwaga mzigo barabarani na kuficha nambari ya gari.

Kinachosaidia kweli ni kufunika. Turubai lililokazwa barabara juu ya sehemu ya mizigo iliyo tupu hupunguza ukinzani wa hewa kwa asilimia chache. Turubai lililolegea na kupigapiga hufanya kinyume, kwani kila pigo ni nguvu iliyotoka kwenye tangi. Akiba hiyo ni ndogo, lakini gari linalorudi kutoka sokoni bila mzigo kila siku huikusanya safari baada ya safari.

Hatua nyingine ni kuondoa kile kisichohitajika. Taarifa za serikali ya Marekani kwa wenye magari zinakadiria kwamba sanduku kubwa la mizigo lililofungwa juu ya paa linaweza kupunguza umbali unaosafiriwa kwa kila lita ya mafuta kwa asilimia 2 hadi 8 mjini, asilimia 6 hadi 17 kwenye barabara kuu, na asilimia 10 hadi 25 kwa mwendo wa kasi wa kilomita 105 hadi 120 kwa saa. Keria isiyobeba chochote nayo hukata upepo mchana kutwa bila faida.

Tatizo gumu zaidi ni mzigo wenyewe. Omena waliokaushwa ni wepesi lakini hujaza nafasi, hivyo magunia hupangwa kwenda juu kupita paa. Pikapu ya kawaida huukabili upepo kwa eneo la takriban mita tatu za mraba. Magunia yakizidi paa kwa mita moja, kwa upana wa mita moja na nusu, eneo hilo huongezeka kwa nusu nzima.

Haina maana kumwambia mchuuzi agawe mzigo huo katika safari mbili, kwa kuwa safari ya pili ingemla mafuta mengi kuliko upepo. Ushauri wenye mantiki ni kupanga magunia yaliyo mbele kwa mteremko ili hewa ipande taratibu, kuyafunika kwa turubai lililokazwa, na kupunguza mwendo. Kwa gari lililorundikwa hivyo, kushuka kutoka kilomita 100 hadi 80 kwa saa kunaokoa zaidi kuliko kifaa chochote cha kubandika. Ni njia isiyogharimu hata senti, na inapunguza pia hatari ya gari refu kupinduka kwenye kona.

Kuna mahali ambapo hesabu ya upepo hufika kikomo, na ni muhimu kupajua kabla ya kutoa pesa kwa fundi. Katika miji ya Rongo, Awendo na Migori, ambako matuta, bodaboda na watembea kwa miguu huzuia mwendo, hewa si adui mkubwa. Hapo mafuta huliwa na uzito unaosimamishwa na kuondolewa tena kila mara.

Milima nayo ina hesabu yake. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Kisii uko karibu mita 1,700. Kupandisha tani moja ya samaki na barafu kimo cha zaidi ya mita 500 huchoma takriban nusu lita ya dizeli kwa ajili ya mzigo huo pekee, kabla ya kuhesabu uzito wa gari. Hakuna turubai litakaloirudisha nusu lita hiyo. Kwa msafirishaji wa samaki wabichi, kanopi iliyofungwa vyema ina faida zaidi katika kuhifadhi barafu kuliko katika kukata upepo, na ikiwa imetengenezwa kwa vyuma vizito inaweza kumla mlimani alichookoa tambarare.

Vilevile kuna upepo wa aina nyingine unaosahauliwa, ule wa ndani ya magurudumu. Taarifa hizo za Marekani zinaeleza kwamba kila kipimo kimoja cha upepo kinachopungua katika matairi yote huongeza ulaji wa mafuta kwa takriban asilimia 0.2. Gari linalopungukiwa na vipimo 10 hupoteza asilimia 2, nayo matairi huisha mapema.

Tuchukue mfano wa pikapu inayokwenda kilomita 100 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, ikitumia lita moja kwa kilomita 10. Itahitaji lita 250. Turubai, matairi yaliyojazwa ipasavyo na mwendo wa wastani vikiokoa kwa pamoja asilimia 5 pekee, hizo ni lita 12.5. Kwa bei ya dizeli ya Oktoba 2023, akiba ni zaidi ya Sh2,500 kwa mwezi. Kwa mfanyabiashara mdogo, hicho si kiasi cha kudharau.

Hata hivyo, isije ikadhaniwa kwamba turubai litatatua tatizo la bei ya mafuta nchini. Nyongeza ya ushuru ya mwaka 2023 peke yake ilizidi akiba hiyo ya asilimia 5. Mwananchi akibana matumizi kwa asilimia 5 huku ushuru ukiongezeka kwa pointi 8, bado amebaki nyuma.

Kwa hivyo, wajibu uko pande mbili. Serikali za kaunti za Homa Bay na Migori zina vyuo vya kiufundi na mafundi wa jua kali wanaoweza kufunzwa kutengeneza vifuniko vyepesi kwa bei nafuu. Wabunge nao wana jukumu la kukumbuka, wanapojadili ushuru wa mafuta, kwamba anayelipa hatimaye ni mla omena. Dereva, kwa upande wake, anaweza kuanza asubuhi ya kesho kwa kufunga mlango wa nyuma, kukaza turubai, kupima upepo wa magurudumu na kuinua mguu kidogo kutoka kwenye kichapuzi.