Tembe hazitaulinda moyo wa Mturkana

MAISHA ya jamii ya Waturkana yanabadilika kwa kasi, na mabadiliko hayo yameanza kujionyesha katika damu na mishipa ya wanajamii wenyewe. Mfugaji aliyelelewa kwa maziwa, damu na nyama anapohamia mjini hukutana na mlo mwingine kabisa: ugali wa unga uliokobolewa, chapati, vyakula vya kukaangwa na chai iliyojaa sukari.

Mnamo 2020, jarida la Science Advances lilichapisha utafiti wa kundi la wanasayansi lililowajumuisha Amanda Lea na Julien Ayroles, uliowapima Waturkana zaidi ya 1,200. Walilinganisha wafugaji wa kuhamahama, watu walioacha mifugo wakabaki vijijini, na wale waliohamia miji ya katikati mwa Kenya.

Matokeo yalikuwa bayana. Waliohamia mijini walikuwa wanene zaidi, na vipimo vyao vya presha na vya afya ya moyo vilikuwa vibaya kuliko vya wafugaji. Lakini walioacha ufugaji wakachoma makaa au kusuka vikapu bila kuondoka kwao hawakuonyesha tofauti kubwa.

Kwa wakazi wa Lodwar na Kakuma, miji inayozidi kupanuka, hilo ni onyo. Swali ni je, dawa yake ni ipi?

Jibu linalotolewa kwa wepesi siku hizi ni antioksidanti. Hizi ni kemikali za lishe, zikiwemo vitamini C, vitamini E na rangi asilia za mboga na matunda, ambazo huzuia chembe haribifu za oksijeni kushambulia seli. Mashambulizi hayo huchochea uvimbe wa ndani kwa ndani, ambao huzidisha utando wa mafuta katika mishipa ya moyo na kuufanya mwili usiitikie insulini ipasavyo. Hatima yake huwa shinikizo la damu, kiharusi na kisukari.

Kwa mantiki hiyo, wafanyabiashara huuza tembe na unga wa virutubisho kwa bei ambayo mwananchi wa kawaida haimudu. Ushahidi, hata hivyo, hauwaungi mkono.

Nchini Uingereza, utafiti uliohusisha watu zaidi ya 20,000 na ambao matokeo yake yalitangazwa 2002 ulibaini kuwa tembe za vitamini C, E na beta-karotini hazikupunguza vifo wala mshtuko wa moyo. Nchini Finland, wavutaji sigara waliopewa beta-karotini walipatwa na saratani ya mapafu kwa wingi kuliko wenzao ambao hawakupewa, kulingana na matokeo ya 1994.

Hii haina maana kwamba vitamini hazina kazi. Kambi ya Kakuma yenyewe ni shahidi. Kati ya 2017 na 2018, vijana wa kiume kutoka Sudan Kusini walianza kulalamikia maumivu makali ya miguu na matatizo ya fizi. Wataalamu walibaini kuwa ni kiseyeye, ugonjwa wa upungufu wa vitamini C ambao wengi waliudhani ni wa mabaharia wa kale. Walipopewa vitamini hiyo walipata nafuu.

Tofauti ni hii: tembe huziba pengo palipo na upungufu, lakini haiwezi kufuta madhara ya mlo mbovu. Mboga na matunda huleta pia nyuzinyuzi na potasiamu, na huchukua nafasi ya sukari na mafuta katika sahani. Kazi hiyo haifungiki ndani ya chupa.

Jambo jingine linalotatiza madai ya wauza tembe ni kuwa mfugaji wa Turkana hakuwahi kuwa mlaji mkubwa wa mboga, ilhali vipimo vyake ni vizuri. Vilevile, jamii ya Tsimane ya Bolivia ina viashiria vya juu vya uvimbe kutokana na maambukizi, lakini utafiti wa 2017 uligundua kuwa asilimia 85 ya watu wazima waliopimwa hawakuwa na dalili ya kalisi katika mishipa ya moyo. Kinachoziunganisha jamii hizi mbili ni kutembea sana na kula vyakula vichache vya viwandani.

Kwa hivyo, hatua za kuchukua ni za kisera. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi wa Kakuma mwaka 2025 kwa kukosa fedha. Mgao wa nafaka, kunde na mafuta pekee, tena uliopunguzwa, unamwacha mkimbizi kati ya kiseyeye upande mmoja na kisukari upande mwingine, kwani mwenye njaa hununua kinachoshibisha kwa bei nafuu.

Serikali ya Kaunti ya Turkana nayo ina mahali pa kuanzia. Kilimo cha umwagiliaji kwenye Mto Turkwel, eneo la Katilu, kinaweza kuipa Lodwar kunde na mchicha badala ya kutegemea malori ya Kitale. Samaki wa Ziwa Turkana wapo. Ukwaju na kunazi, ambazo Waturkana huziita epeduru na ekalale, humea bila kupandwa, na ni busara kuzilinda miti yake isiishie kuwa makaa.

Zahanati nazo zipime presha na sukari ya kila mtu mzima anayefika, hata akija kwa malaria. Ugonjwa unaogunduliwa mapema hutibiwa kwa gharama ndogo, na familia iliyouza mbuzi wake wa mwisho kununua tembe haitapata wa kuuza siku ya kiharusi.