KUTOA KIZAZI, sehemu ya 5: Usichague njia kwa kuangalia kovu la shosti yako

Tangu jana meseji zenu ni swali moja tu: "Nesi, matundu au kufungua tumbo, ipi nzuri?" Wapendwa, nzuri kwa nani?

Kuna mama alilazwa kwetu (nimebadilisha mambo kidogo asijulikane). Uvimbe mkubwa kwenye kizazi, damu inatoka mpaka kaishiwa nguvu. Kaja na msimamo wake: matundu tu, maana shosti yake alifanyiwa hivyo na kesho yake akarudi nyumbani. Kwenye historia kataja presha, basi.

Usiku namwandaa, naona kovu. "Mama, na hili?" "Aah, hilo la watoto." Watatu, wote kwa kisu! Nikazidi kuchokonoa. Kumbe baada ya yule wa mwisho mguu ulivimba, damu iliganda, akatumia dawa miezi kadhaa. Alinyamaza kwa kuogopa atanyimwa matundu.

Nilimpigia daktari usiku uleule. Upasuaji ukasogezwa.

Ukishapasuliwa mara tatu, kibofu cha mkojo kinaweza kuwa kimegandana na kizazi pale kwenye kovu. Daktari akijua anajipanga, asipojua anaweza kukitoboa. Na aliyewahi kuganda damu anahitaji mpango wa kuzuia isigande tena, kwa njia yoyote atakayofanyiwa.

Matundu yenyewe yana masharti. Tumbo linajazwa gesi, kitanda kinainamishwa kichwa chini. Moyo au mapafu yakiwa na shida, hapo yanaelemewa. Lakini mama mnene mwenye kisukari, kidonda kirefu cha tumbo ndicho kinachoweza kumtesa kwa usaha, na matundu yanaweza kumfaa zaidi. Ugonjwa mmoja unakuvuta huku, mwingine kule. Halafu kuna kutolea kizazi ukeni, bila kovu lolote tumboni. Hii hamniulizi kabisa, na kama kizazi si kikubwa sana na hali inaruhusu, ndiyo inayopendekezwa kwanza.

Simlaumu yule mama peke yake. Sisi wahudumu tunampa mtu fomu ya ridhaa usiku wa kuamkia upasuaji, kalamu mkononi, "saini hapa." Hapo sikubaliani na wenzangu hata kidogo. Njia izungumzwe kliniki, mama amekaa, karatasi zake zote mezani, aulize mpaka achoke. Na wewe taja kila kitu: visu, dawa, damu kuganda, hata ile mimba iliyoharibika ukasafishwa.

Alifunguliwa tumbo wiki mbili baadaye. Kibofu kilikuwa kimeshika kweli, daktari alikibandua taratibu, muda mrefu. Siku ya kuruhusiwa bado kanuna kwa ajili ya kovu. Nikamwambia, nuna tu mama yangu, ila mkojo si unatoka vizuri? Akacheka, huku kashika tumbo.

Kesho sehemu ya 6: vifuko vya mayai vibaki au vitolewe?