Ramani Haitoki Angani

"Nitumie lokesheni." Zamani si nyingi mgeni wa Dar es Salaam alielekezwa kwa mwembe, msikiti, duka la Mpemba na rangi ya geti, akipotea, anauliza tena. Siku hizi dereva wa bajaji, muuza gesi na mpeleka chakula wanataka lokesheni kwanza, mengine baadaye. Biashara ya kujua nani yuko wapi imekuwa kubwa, na uongo unaosemwa juu yake umekua nayo. Nimewahi kujitolea kuchora ramani za mitaa, nikazunguka na vijana na wajumbe kwenye vichochoro, na madai ninayoyajibu hapa nimeyasikia kwenye daladala, maofisini na kwenye vikao vya mtaa. Nayajibu kwa sababu baadhi yake yanatugharimu fedha, na mengine yanatugharimu roho za watu.

Linalosemwa sana ni kwamba satelaiti zinatuona. "Zima GPS, wakubwa wanakutazama." Satelaiti za GPS ziko umbali wa kilomita 20,200 hivi juu yetu, na kazi yao inafanana na ya kituo cha redio: zinatangaza saa na mahali zilipo, basi. Simu yako inasikiliza. Ikizisikia nne, inapiga hesabu ya muda ambao kila sauti imechukua kufika, kisha inajua ilipo. Hakuna kitu kinachorudi juu. Saa za satelaiti hizo ni za ajabu kwa usahihi. Huko juu zinakwenda mbele ya za duniani kwa sehemu 38 za milioni za sekunde kila siku, na kosa hilo dogo lisingesahihishwa, ndani ya siku moja ramani ingekupeleka kilomita kama kumi mbali na unakokwenda.

Anayejua ulipo, kwa hiyo, hayuko angani. Ni programu ulizozipakua mwenyewe ukabonyeza "kubali" bila kusoma, na ni minara ya simu inayokuhudumia. Mtu anayeogopa anga huku mkononi ameacha mlango wazi anaogopa kitu kisicho chake.

Hapo mwingine hudakia: "Waache wajue, mimi sina cha kuficha." Dai hili linanisumbua kuliko la kwanza, maana husemwa na watu wenye akili timamu. Mwaka 2013 watafiti walichapisha uchunguzi wa taarifa za simu za watu milioni moja na nusu, zilizokusanywa kwa miezi 15. Majina yalikuwa yameondolewa. Walikuta kwamba nukta nne tu za mahali na wakati zinatosha kumpambanua mtu mmoja na wengine wote, kwa asilimia 95 ya watu hao. Fikiria nukta zako wewe: unapolala, unapofanya kazi, unaposali, na kliniki unayokwenda kila Alhamisi ya pili. Jina la nini tena? Januari 2018 ilionekana kwamba ramani ya wakimbiaji iliyotolewa na kampuni ya Strava, isiyo na jina la mtu hata mmoja, ilichora wazi njia za mazoezi ndani ya kambi za kijeshi kwenye nchi zenye vita. Askari wale nao walidhani wanakimbia tu. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022. Lakini sheria haiingii mfukoni mwako kubadilisha mipangilio ya simu. Iambie kila programu ijue ulipo pale tu unapoitumia. Kazi hiyo ni ya dakika tano.

Dai la tatu ndilo lililonitoa nyumbani kuandika: kwamba kazi ya ramani imekwisha. "Google ameshachora kila kitu, ninyi mnatembea juani mkitafuta nini?"

Mwaka 2009 ungetafuta Kibera kwenye ramani za mtandaoni ungekuta uwazi. Makazi ya maelfu kwa maelfu ya watu, yenye shule, zahanati, makanisa, misikiti, vyoo vya kulipia na vibanda vya maji, palepale Nairobi, na hayakuonekana. Vijana wa Kibera walipewa vifaa vya GPS, wakatembea, wakaandika. Ndivyo Map Kibera ilivyozaliwa. Satelaiti za kupiga picha, ambazo si zile za GPS, zilikuwa zimepita juu ya mabati yale miaka mingi. Picha zilikuwepo. Ila picha ya angani inaonyesha paa. Haikuambii kwamba chini ya paa hili kuna mkunga na chini ya lile kuna duka la dawa.

Dar es Salaam ina hadithi yake, na ni ya maji. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini. Mwaka huohuo wakazi wa Tandale na wanafunzi walikuwa wamechora kata yao, na baadaye kazi kama hiyo ilipanuliwa kuwa Ramani Huria, iliyowakusanya wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, viongozi wa mitaa na wenyeji. Droni zilipiga picha kutoka juu, sawa. Lakini mtaro uliozibwa na mtu aliyejenga ukuta juu yake hauonekani na droni. Anayeujua ni bibi anayehamisha magodoro kila masika. Ukimuuliza maji yalifika wapi, hakutajii mita, anagusa ukuta kwa kiganja: "Hapa." Kiganja kile ndicho data. Mhandisi wa Bonde la Msimbazi akitaka kujua nyumba zipi zitazama, hana pengine pa kuanzia.

Na nenda Mugumu, Serengeti, mkoani Mara. Huko wapo wasichana wanaokimbia ukeketaji, mara nyingi usiku, na wapo wanaotoka kwenda kuwaokoa. Utamfikiaje mtoto kama kijiji chake ni doa la kijani lisilo na njia wala jina? Tangu 2015 watu wa kujitolea wa Crowd2Map wamekuwa wakichora barabara na nyumba za vijijini Tanzania wakitazama picha za satelaiti, wengine wakiwa Ulaya na Marekani. Majina ya vijiji, zahanati na njia za miguu yanajazwa na wenyeji. Mchoraji aliye mbali anaweza kuona kwamba kuna nyumba ishirini. Hawezi kujua wenyewe wanapaitaje.

Wengine husema tusijisumbue kwa kuwa ramani za makampuni ni za bure. Ni za bure kwa wewe unayetafuta hoteli. Kijana aliyejenga programu ya usafirishaji juu ya ramani hizo ana hesabu nyingine. Katikati ya 2018 Google alibadili bei: tovuti iliyoweza kufungua ramani mara 25,000 kwa siku bila malipo ilibakiwa na kiasi cha 28,000 hivi kwa mwezi mzima, na kadi ya benki ikawa lazima. Waliokuwa na mahali pa kukimbilia walikimbilia OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa na Steve Coast nchini Uingereza mwaka 2004, ambayo yeyote anaweza kuichora na kuitumia. Ipo kwa sababu watu walichora na wengine walitembea. Na pale ambapo hakuna aliyechora wala kutembea, haina kitu.

"Lakini hizi ni teknolojia za wenzetu, sisi ni watumiaji." Anayesema hivi asome jina la Ushahidi, neno letu la kila siku mahakamani, aone lilikokwenda. Mfumo huo ulijengwa kwa siku chache tu, mwanzoni mwa 2008, na Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, ili Wakenya waweze kuripoti kwa simu na mtandao mahali fujo za baada ya uchaguzi zilipotokea, na kila taarifa ionekane kwenye ramani. Tetemeko lilipoipiga Haiti tarehe 12 Januari 2010, mfumo huohuo ulitumika kupokea ujumbe wa waliohitaji msaada, huku mamia ya watu wa kujitolea duniani wakiichora Port-au-Prince kwenye OpenStreetMap. Zanzibar nayo ilianza mwaka 2016 kupigwa picha za droni, Unguja na Pemba, na miongoni mwa waliozirusha walikuwemo wanafunzi wa chuo kikuu cha visiwani humo. Watumiaji gani hao?

Kuna dai dogo lenye madhara makubwa: simu inatosha, mpimaji wa nini? Jirani yangu alinunua kiwanja Chanika, mita 20 kwa 20, na muuzaji alimwonyesha pembe zake kwa nukta za simu. Akaamini, akachimba msingi. Mpimaji alipokuja na vifaa, msingi ulikuwa umeingia mita tatu kwa mwenzake, akaubomoa kwa fedha zake mwenyewe. Simu ya kawaida, hata pakiwa wazi bila miti wala maghorofa, hukosea kwa kama mita tano. Kwa kumfuata mteja anayesubiri pitsa, mita tano si kitu. Kwa kiwanja kile ni robo ya upana. Vifaa vya mpimaji hushuka hadi sentimita kwa sababu husahihishwa na kifaa kingine kilichowekwa mahali panapojulikana kwa hakika. Bikoni ya mpaka bado ni bikoni. Teknolojia hii imempa mpimaji kasi, haijampokonya kazi, na nawaomba wanaonunua ardhi wasilipe shilingi kabla hajafika.

Kuhusu vibao vya anwani za makazi, vilivyowekwa Tanzania kwa wingi mwaka 2022 kabla ya Sensa ya Agosti, ninasikia kwamba havina kazi kwa kuwa lokesheni ipo. Lokesheni inaishi kwenye simu yenye chaji, yenye bando, mikononi mwa mtu mwenye fahamu. Mzee aliyeanguka bafuni hana hata kimoja kati ya hivyo, na mjukuu wa miaka tisa anaweza kusoma namba iliyo ukutani akaitaja kwa anayekuja na gari la wagonjwa.

Ikiwa una simu na intaneti, fungua OpenStreetMap leo utafute mtaa wako. Ukikuta uchochoro wako hauna jina, liandike. Weka kisima, weka zahanati, weka mtaro na mahali maji hufika. Kama hujui yalifika wapi, muulize mwenyeji wa zamani kuliko wote mtaani kwako, na mwende nyote wawili mpaka kwenye ukuta wenyewe.