Mtoto Wako Alipenda Nini Mwaka Huu?

  

Mwaka wa miladi wa 2022 ulipokuwa ukimalizika, kila kijana alikuwa na orodha yake moyoni: mchezo uliomfurahisha kupita yote, na tamthilia iliyomkesha. Wazazi wengi hawaijui orodha hiyo. Wanajua alama alizopata mtoto katika Hesabu na juzuu aliyofikia, lakini hawajui ni kitu gani kilichomchekesha au kumliza mwaka mzima. Kwa sababu hiyo tuliwauliza wanafunzi wakubwa wa madrasa yetu: katika burudani zote za mwaka huu, ni ipi mliyoipenda zaidi, na kwa nini?

Wavulana walijibu kwa kauli moja: Morocco. Hatukustaajabu. Katika fainali za Kombe la Dunia nchini Qatar, Morocco iliishinda Ubelgiji mabao mawili kwa nunge, ikaitoa Uhispania kwa penalti, kisha ikaifunga Ureno bao moja katika robo fainali. Ikawa timu ya kwanza ya Afrika, na ya kwanza ya Waarabu, kufika nusu fainali. Cameroon mwaka 1990, Senegal mwaka 2002 na Ghana mwaka 2010 ziliishia robo fainali.

Lakini tulipouliza “kwa nini?”, hawakutaja mabao. Walitaja akina mama. Walimtaja Achraf Hakimi akienda kubusiwa na mama yake jukwaani baada ya kuishinda Ubelgiji. Mama aliyesafisha nyumba za watu huko Uhispania ili mwanawe alelewe. Walimtaja Sofiane Boufal akicheza na mama yake uwanjani baada ya kuishinda Ureno, mama amevaa hijabu yake, dunia nzima ikitazama. Walitaja pia wachezaji waliosujudu, si waliposhinda tu, bali hata walipofungwa na Ufaransa.

Wasichana kadhaa walitaja tamthilia ya Marekani iitwayo Ms. Marvel, iliyoanza kuonyeshwa mwezi Juni kwa sehemu sita. Tuliitazama ili tusihukumu tusichokijua. Kamala Khan ni msichana wa miaka kumi na sita, wa familia ya Kiislamu kutoka Pakistan inayoishi Jersey City, naye ni shabiki mkubwa wa mashujaa wa filamu. Anapata nguvu za ajabu kupitia kikuku cha mama wa nyanya yake. Ndani yake mna msikiti, mna udhu, mna hata viatu vinavyoibwa mlangoni mwa msikiti, jambo ambalo wasomaji wetu hawahitaji kuelezwa.

Tuna lawama zetu. Tamthilia hiyo imechukua jina la majini ikawapa watu waliotoka ulimwengu wa kubuniwa, na mtoto asiyesoma anaweza kudhani kwamba majini ni hadithi kama hadithi nyingine. Sisi tunaamini kuwa ni viumbe wa Mwenyezi Mungu, na sura nzima ya Qur’ani, ya 72, imepewa jina lao. Mzazi aliyekaa na bintiye angelieleza jambo hili kwa maneno machache, na likaeleweka. Msichana aliyetazama peke yake chini ya shuka, ni nani wa kumweleza?

Na hapa ndipo penye nia ya makala haya. Katika sehemu ya kwanza, Kamala anataka kwenda kwenye mkusanyiko wa mashabiki usiku. Wazazi wanakataa, kisha wanatafuta njia ya kati: aende, lakini na baba yake. Baba anajipaka rangi ya kijani na kuvaa maleba ya Hulk, yule jitu wa filamu, na mama amewashonea baba na binti maleba yanayolingana. Binti anaona haya, anamwambia baba yake maneno ya kuumiza, na uso wa baba unasawajika. Mlango unafungwa, naye anatoroka usiku. Tuliwauliza wasichana ni nani aliyewahuzunisha zaidi katika kisa chote. Walisema: yule baba.

Tafakarini, enyi wazazi. Wavulana walipenda mama aliyeshuka uwanjani. Wasichana walimhurumia baba aliyejipaka rangi ili asimwache bintiye peke yake. Katika burudani zote hizo, kilichowagusa ni mzazi aliyekaribia. Vijana tunaodhani wanatukimbia, huenda wanatungoja.

Wako watakaosema kwamba hili ni jambo la upuuzi lisilostahili muda wa mtu mwenye dini. Tunawakumbusha hadithi sahihi iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Wahabeshi walicheza kwa mikuki msikitini siku ya Idi. Bibi Aisha (R.A.), angali kijana, alitamani kuwatazama. Mtume (S.A.W.) alisimama naye, akamsitiri, naye akatazama nyuma ya bega lake mpaka yeye mwenyewe akatosheka. Hakumwambia atazame peke yake, wala hakumharakisha. Aliyebeba ujumbe kwa walimwengu wote alipata nafasi ya kusimama na kungoja.

Kukaribia si kulegeza kamba. Mechi ya Morocco na Ureno ilianza saa kumi na mbili jioni, na saa za Qatar ni sawa na zetu. Kule Doha jua la Desemba huzama mapema, wao walikuwa wameshaswali Maghribi. Huku Mombasa adhana ilitukuta katikati ya kipindi cha kwanza, na wakati wa Maghribi ni mfupi. Baba aliyekuwa ameketi na wanawe alisimama nao, wakenda msikitini wakaswali jamaa. Bao la Youssef En-Nesyri lilifungwa dakika ya 42. Ambaye msikiti wake uko jirani huenda alirudi akaliona. Na aliyelikosa aliliona likirudiwa mara mia, ilhali rakaa ya jamaa hairudiwi. Lakini baba aliyekuwa chumba kingine akapaza sauti tu, “Zimeni hiyo runinga!”, alizima runinga, na pengine mtoto alihamia kwenye simu.

Ushauri wetu ni mmoja. Kabla mwezi huu haujaisha, mketishe mwanao, umuulize swali tulilouliza sisi. Usianze kwa kukemea. Msikilize mpaka mwisho, kisha muulize: kwa nini? Akitaja kilicho kizuri, furahi naye. Akitaja kilicho kibaya, utakuwa umeambiwa na yeye mwenyewe, na hiyo ni amana kubwa. Ukimkaripia papo hapo, hatakuambia tena. Mweleze kwa upole ubaya wake, na juma lijalo keti naye mtazame kilicho bora.

Mtoto hatakosa mtu wa kuketi naye. Usipoketi wewe, yuko mwingine, naye hamjui Mola wake wala hamjui mwanao. Samaki mkunje angali mbichi, na mkono wa kumkunja ni ule ulio karibu naye.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu, na atupe sisi wazazi vifua vya kusikiliza na hekima ya kuongoza. Wabillahi tawfiq.