Vijana Wetu na Elimu ya Uchumi

Kila yanapotoka matokeo ya mtihani, mabarazani petu hutajwa udaktari, sheria na uhandisi. Elimu ya uchumi, ambayo Waarabu huiita iktisadi, hutajwa mwisho, tena kwa kebehi, kwamba ni elimu ya matajiri. Sisi tunawaomba ndugu wanachama, kabla hawajaitupa, watazame yaliyowapata wakulima wa Kilimanjaro.

Mwaka 1925 Wachagga, miongoni mwao Joseph Merinyo, waliunda chama cha wapanda kahawa, ingawa walowezi wa Kizungu hawakupenda Mwafrika alime zao hilo. Mwaka 1933 kikafuatwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika chenye makao yake Moshi. Bei ilipoanguka katika miaka hiyo, wakulima wengi waliamini kuwa wameibiwa na chama chao, na mwaka 1937 baadhi yao wakayavamia maghala yake. Haki ya kuuliza walikuwa nayo, na haki ya kuchukia kulazimishwa kuuza kwa mnunuzi mmoja walikuwa nayo vile vile. Sisi wa karafuu chuki hiyo tunaifahamu barabara. Lakini bei ya kahawa haikupangwa ghalani. Ilipangwa ng'ambo, katika masoko ambayo hapana mtu pale mlimani aliyepata kufundishwa khabari zake.

Yakaja mengine kama hayo mwaka 1989. Mapatano ya mataifa ya kugawiana mafungu ya kahawa yalivunjika, bei ikaporomoka, na mkulima wa Machame aliyepalilia shamba lake vizuri kama mwaka uliotangulia akalipwa pungufu. Wengi wakaacha mibuni, wakashika ndizi na mboga. Tena, wafanyabiashara binafsi walipofunguliwa mlango mwaka 1994, ilimlazimu mkulima achague: fedha taslimu leo mlangoni kwake, au malipo ya awali ya ushirika na nyongeza baada ya mnada. Lipi bora? Hilo ni suala la uchumi hasa, na mzee mwenye ada za skuli mkononi alilijibu kila msimu, akiwa na elimu hiyo au hana.

Na sisi je? Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa wa karafuu, ilipanda mikarafuu yake mpaka ikajitosheleza. Ni wangapi kwetu waliokwisha kulihesabu hilo kabla bei haijaanguka?

Atasema mtu kwamba wachumi wamejaa maofisini na mkulima angali maskini. Ni kweli. Lakini sisi tuliosoma chuoni sura ya wapunjao hatukuacha kutumia mizani; tulijifunza kuikodolea macho. Makisio ya Serikali yanaposomwa katika Baraza la Wawakilishi, chama chetu hujibu kwa hasira, na aliyeyaandika hutabasamu, kwa kuwa hasira haimuulizi tarakimu hii imetoka wapi. Tunataka vijana, wa kike na wa kiume, watakaomuuliza.

Kijana anayetaka njia hiyo asiikimbie hisabati tangu Kidato cha Kwanza, kwani bila ya hiyo milango mingi ya uchumi humfungia. Akipenda kuyasoma mambo haya karibu na wakulima wenyewe, Moshi kipo Chuo cha Ushirika, kilichoanzishwa 1963 na kupandishwa kuwa Chuo Kikuu mwaka 2014.